Jina la Kuandikwa Kwenye Chupa

Hebu mwone Doña Zunilda Espinace akiwasili. Mwone juu ya mkokoteni wa farasi wa Belarmino Toloza, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Gauni lake la bluu, lile la harusi na mazishi ya watu, limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata jibini, na mapajani amepakata mfuko wa unga wa ngano uliokaangwa. Mkokoteni unaingia kwenye ua wa kampuni ya divai, ua uliomwagwa kokoto nyeupe, unapita katikati ya magari meusi yaliyong'arishwa, na farasi, ambaye hajali cheo cha mtu, anainua mkia na kuacha salamu zake palepale mbele ya mlango wa vioo.

“Tumefika, comadre,” akasema Belarmino. “Farasi keshatia sahihi.”

“Nyamaza, compadre. Ngoja nijitie aibu mwenyewe kwanza, wewe utamalizia.”

Waliitana hivyo kwa sababu Belarmino ndiye aliyemsimamia ubatizo binti wa Zunilda, yule anayeishi Santiago siku hizi. Huku kwenye vilima vya Cauquenes, mtu aliyemshika mwanao kanisani ana ruhusa ya kukutania mpaka mmoja wenu azikwe, na Belarmino hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ipate vumbi.

Zunilda hakuja kula, ingawa alikuwa amealikwa chakula cha mchana. Alikuja kuona jina. Kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa ikinunua zabibu za shamba lake dogo la Los Culenes na kuzitengenezea divai nyekundu ya mchanganyiko, ya bei ya kumfanya mtu aishike chupa kwa mikono miwili. Majarida ya ng'ambo yalikuwa yameisifu, ingawa chupa zilikuwa zikiuzwa bila jina lolote zaidi ya namba ya pipa. Sasa ilikuwa inapewa jina. Don Gonzalo Larrondo, mkuu wa mauzo, alisimama kwenye mlango wa jiko la Zunilda na kumwambia, “Doña Zunilda, safari hii jina litatoka nyumbani kwako.” Hakusema jina gani. Lakini katika nyumba ile alikuwa amebaki mtu mmoja tu na paka, na paka alikuwa anaitwa Paka.

Lazima uelewe jambo hilo lilimkaa vipi. Zunilda alizaliwa akawa binti wa Espinace, mfua vyuma. Akaolewa akawa mke wa Eleuterio Muena. Eleuterio akafa, akawa mjane wa Muena, na hivyo ndivyo alivyoitwa zahanati, kanisani, na hata kwenye orodha ya wanaosubiri mitungi ya gesi. Mikono yake ilikuwa imepogoa shamba lile majira ya baridi baada ya majira ya baridi, vidole vimepinda kama mashina yenyewe, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa Zunilda isipokuwa kwenye kitambulisho chake, ambacho alikiweka kwenye kopo la sukari. Tangu siku ile ya don Gonzalo alikuwa akilitamka jina lake peke yake akiosha vyombo. “Chupa ya Zunilda. Nipe Zunilda moja.” Alianza kulipenda.

Basi wakaingia. Ndani kulikuwa na meza ndefu, vitambaa vyeupe, na wanunuzi wa kigeni wamekaa kila mmoja na glasi nyingi mbele yake, kama mtu anayetarajia kiu ya ukoo mzima. Javiera, msichana mtaalamu wa kutengeneza divai, akaja mbio kumkumbatia Zunilda. Walikuwa wanapendana. Javiera alikuwa na shahada, na pia alikuwa na buti zenye matope, na Zunilda alikuwa anamwamini kwa sababu ya vyote viwili.

“Kaa hapa karibu nami, Doña Zuni. Usiogope glasi, ni za kutemea na za kunywea.”

“Za kutemea zipi?”

“Hizi.”

“Wanatema divai yangu?”

“Ndiyo kazi yao, mama.”

Zunilda akaitazama kazi yao. Bwana mmoja mwenye miwani akaizungusha divai, akatumbukiza pua, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba anapata plamu mbivu, tumbaku, na kwa mbali harufu ya tandiko la zamani.

“Tandiko?” Belarmino akamnong'oneza comadre wake, kwa sauti ambayo mezani ilisikika mpaka mwisho. “Mimi tandiko ninalo nje. Akinunua, namwongezea na farasi.”

Sasa, Zunilda hakuwahi katika maisha yake kunywa divai nyekundu saa sita mchana bila kuitia unga. Hivyo ndivyo watu wa Los Culenes wanavyokata njaa: glasi ya divai, vijiko viwili vya unga uliokaangwa, sukari ukiwa nayo, koroga mpaka iwe uji mwepesi, kunywa, rudi shambani. Akafungua mfuko wake, akachota, akakoroga. Don Gonzalo, mwanamume mtanashati mwenye meno mengi, alibadilika rangi akawa kama maziwa yaliyokatika. Ile ilikuwa chupa ambayo yeye mwenyewe huinywa siku za kuzaliwa tu.

Lakini mama mmoja mnene wa kutoka São Paulo, anayenunulia mahoteli divai, akasogeza glasi yake. “Nami nitilie.” Akanywa. Akafikiri. “Sasa hii,” akasema kwa Kihispania chake cha kuimba, “ndiyo glasi ya kwanza leo niliyoimeza.”

Don Gonzalo akaona afadhali aharakishe mambo. Akasimama, akagonga glasi, akasema maneno mengi kuhusu ardhi na muda, kisha akavuta kitambaa kilichofunika ubao. Juu ya ubao palikuwa na nakala kubwa ya lebo mpya. Alichorwa mwanamume juu ya farasi mweusi, kofia pana, masharubu ya jenerali, macho yake yakitazama milima. Chini, kwa herufi za dhahabu: DON ELEUTERIO.

Zunilda aliitazama kwa muda mrefu. Mara ya kwanza hakumtambua kabisa. Mume wake hakuwa na masharubu, na farasi walikuwa hawampendi.

Don Gonzalo akasoma maandishi madogo kwa sauti ya padri: “Don Eleuterio Muena, mkulima mwenye maono, alizunguka mabonde ya Maule akichagua kwa mkono wake mwenyewe kila aina ya mzabibu, hadi akapata mchanganyiko ambao hakuna aliyewahi kuuthubutu.”

“Hapo hawajadanganya sana,” akasema Belarmino. “Alichagua kwa mkono. Gizani, lakini kwa mkono.”

Wageni wakageuka. Mama wa São Paulo akauliza, “Gizani kwa nini?”

Don Gonzalo akacheka kicheko cha kufunga mlango. Lakini Zunilda alikuwa ameshasimama. Na mtu wa Los Culenes akisimama huongea.

“Mabwana na mabibi,” akasema, “nyinyi ni wageni na mmekuja mbali, si vizuri mrudi kwenu na uongo. Huyo juu ya farasi simjui. Mimi nilikuwa na mume anaitwa Eleuterio, na huyo nitawaambia.”

Akawaambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao walipata kipande kile cha kilima, na Zunilda akakilima, akakitoa mawe, akachimba mashimo safu kwa safu mpaka mgongo ukagoma. Shamba kubwa moja upande wa San Javier lilikuwa linapogoa mizabibu yake ya Cabernet, na msimamizi alikuwa amekubali kuwapa vijiti wanavyokata, kwa kuwa kijiti cha mzabibu ukikichomeka ardhini wakati wa baridi, kikipenda, kitaota. Eleuterio akaazima nyumbu na mkokoteni wa Belarmino, akaenda.

“Akavipata,” akasema Zunilda. “Hilo nampa. Vifungu vizuri vya Cabernet, vimefungwa kwa kamba, vimefunikwa gunia bichi. Akaanza safari ya kurudi. Njiani kuna kilabu cha mjane Retamal, na nyuma ya kilabu kuna kiwanja cha rayuela.”

“Mchezo wa kurusha chuma kwenye kamba,” Belarmino akawaeleza wageni. “Anayeipata kamba ananyweshwa. Anayekosa ananywesha. Kwa Eleuterio ilikuwa yote mamoja, maana alikunywa akipata na akikosa.”

“Akavicheza vijiti,” Zunilda akaendelea. “Kifungu kimoja kwa mchezo mmoja. Akapoteza vyote. Aliyeshinda alikuwa mwokaji mikate, akavitia tanuri.”

“Na nyumbu wangu,” akasema Belarmino, “akachoka kungoja, akarudi nyumbani mwenyewe. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na mkokoteni mtupu. Nikamwambia mke wangu, Eleuterio ama amekufa ama anacheza rayuela, na sijui Zunilda atapendelea lipi.”

Mama wa São Paulo alikuwa ameanza kujifuta macho.

“Sasa mume wangu hakumwogopa Mungu,” akasema Zunilda, “lakini mimi aliniogopa. Ilikuwa majira ya kupogoa. Kila shamba lina lundo la vijiti kando ya njia, vinangoja kuchomwa. Na wakati wa baridi kijiti ni kijiti. Hakina jani, hakina zabibu, hakina sura, hata askofu hawezi kukitofautisha. Basi akatembea kwa miguu kutoka kwa Retamal mpaka nyumbani, akiokota kimoja hapa, vitano pale. Kwa akina Aravena akaokota. Kwa Mtaliano akaokota. Akaingia mpaka nyuma ya nyumba ya padri, kwenye kile kibanda cha mizabibu anachokalia padri wakati wa joto, akakata na huko. Hiyo ni zabibu nyeupe, ya kula mezani. Alfajiri akanipa vifungu. ‘Cabernet, mama watoto,’ akaniambia. Hatukuwa na mtoto hata mmoja. Nikachomeka.”

“Na ukajua lini?” akauliza bwana wa miwani.

“Majani yalipoanza kuanguka. Shamba la aina moja hugeuka rangi moja. Langu lilikuwa kama blanketi la viraka. Huku jekundu kama damu, huku njano, huku kahawia, huku bado kijani. Jirani zangu walikuwa wanaleta wageni waje kuona. Nikamuuliza, ‘Eleuterio, hii Cabernet ina ugonjwa gani?’ Akatazama akatazama, akaniambia, ‘Mke wangu, naona imefurahi.’”

Hapo hata wahudumu walicheka. Zunilda akangoja. Alikuwa anataka kufika kwenye sehemu yake.

“Sikung'oa. Ningeng'oa kwa nguvu zipi? Nikapogoa kila shina kama lilivyotaka lenyewe. Yeye alikuwa chini ya kivuli. Wakati wa kuchuma ukafika, nami nilikuwa na nguruwe mmoja. Kwetu ukitaka watu waje wakuchumie, unawaita mingaco, unachinja, wanakula, wanachuma. Nguruwe mmoja, siku moja. Sikuwa na nguruwe wa kuchuma hizi leo, zile baada ya wiki mbili. Kwa hiyo tukachuma zote pamoja, zilizonyauka, zilizoiva na zilizokuwa bado chachu, pamoja na nyeupe za padri. Tukazisugua zote juu ya chekeche la matete, zikaanguka kwenye hodhi kubwa la mbao, zikachacha pamoja. Kila mwaka hivyo hivyo. Hayo ndiyo maono. Ni nguruwe.”

Javiera akaunga mkono. “Ni kweli. Mwaka mmoja nilijaribu kuzichuma kila aina kwa wakati wake. Ilitoka divai nzuri, yenye adabu, kama mtoto wa shule ya watawa. Haikuwa na la kusema. Nikarudi kwenye siku moja.”

Zunilda akakaa. Alikuwa amesema yote, na kwa hesabu yake, Eleuterio alikuwa amekwisha shuka kutoka juu ya farasi yule.

Kweli alishuka. Wageni walipiga makofi, wengine wamesimama. Na don Gonzalo, ambaye mpaka dakika ile alikuwa anatoka jasho, akaanza kutabasamu jino baada ya jino, kama mtu anayewasha taa za nyumba nzima.

“Doña Zunilda,” akasema, “hii ni bora mara kumi.” Akachukua kalamu, akageuza menyu, akaanza kuchora. “Mlevi. Tunaiita Mlevi. Hapa amelala juu ya kifungu cha vijiti, kofia usoni. Hapa nyumbu anaenda zake. Mnaonaje?”

“Nachukua kontena,” akasema bwana wa miwani.

Zunilda alikuwa amesimulia kisa kile ili amtoe mumewe kwenye chupa, na sasa alikuwa amempigilia misumari kwa nyundo yake mwenyewe.

Njiani kurudi, walipopita daraja, Zunilda akamgeukia Belarmino.

“Nimeharibu wapi, compadre?”

“Umesimulia vizuri mno,” akasema Belarmino. “Ungekuwa na adabu ya kuchosha watu kidogo, saa hizi ungekuwa kwenye chupa.”

“Mimi nilimfukuza pale juu.”

“Ulimfukuza akiwa jenerali, akarudi akiwa mlevi. Na mlevi ndiye tuliyempenda sote, comadre, usinitazame hivyo. Hata wewe.”

Hilo lilimuuma kwa sababu halikuwa uongo. Eleuterio alikuwa mvivu, mwenye deni la usingizi lisilolipika, lakini aliweza kumchekesha Zunilda akiwa anakamua ng'ombe mpaka maziwa yakamwagika. Hata kufa kwake kulikuwa kichekesho: alilala ndani ya mfereji wa maji wakati wa baridi, akaamka, akalalamika kwamba shuka zina unyevu, na nimonia ikamchukua ndani ya wiki. Zunilda alimlilia kwa haki. Kisha akaenda kupogoa, maana ilikuwa wakati wa kupogoa.

Basi zabibu zikaendelea kuiva, na watu wa Los Culenes wakaanza kuulizana siku. Siku ya mingaco hutajwa na mwenye nyumba. Ni yeye anayechinja, na akishachinja moshi unaonekana, watu wanakuja. Kampuni yenyewe ilikuwa imejifunza kungoja moshi wa Zunilda. Javiera hakutaka kubadilisha hata kitu kimoja katika mambo ambayo hakuna aliyejua ni kwa nini yanafanya kazi.

Zunilda hakuchinja. Nguruwe alizidi kunenepa na kuanza kujiona ana maisha marefu.

Wiki ikapita. Mashada ya upande wa jua yakaanza kukunjamana. Javiera akaja na buti zake, akatembea safu zote, akila punje moja moja na kutema mbegu kwenye kiganja. Kisha akatazama upande wa pwani, ambako mawingu yalikuwa yanajipanga.

“Doña Zuni, mvua ikinyesha juu ya hizi, zitaoza.”

“Najua.”

“Na wewe utapoteza mwaka mzima.”

“Najua, mwanangu. Kama nisingekuwa na cha kupoteza ningekuwa nakunung'unikia tu.”

Javiera akakaa kwenye jiwe. “Unataka nimwambie don Gonzalo nini?”

“Mwambie chupa ina jina la asiyepogoa. Aje tuongee.”

Don Gonzalo akaja kesho yake, viatu vyake vizuri vikazama kwenye tope la lango mpaka kwenye kamba. Zunilda akamkaribisha jikoni, akamwekea maandazi ya boga na kachumbari ya pilipili, kwa kuwa adui akishaingia ndani ni mgeni. Belarmino alikuwepo tayari. Alikuwa amepita “kuazima chumvi” na alikuwa na siku ya tatu anaiazima.

“Doña Zunilda, mimi nakuheshimu,” akasema don Gonzalo. “Lakini watu hawanunui zabibu. Wananunua kisa. Marehemu ana kisa. Sasa nisaidie: wewe kisa chako ni kipi?”

“Niliamka.”

“Ndiyo. Halafu?”

“Nikapogoa.”

“Halafu?”

“Kesho yake nikaamka tena.”

Don Gonzalo akafungua mikono yake miwili. “Unaona?”

“Naona,” akasema Zunilda. “Basi mwambie huyo mwenye kisa akuchumie. Yuko nyuma ya kanisa, utamjua kwa msalaba ulioinama, maana hata huo umeegemea kitu. Mwambie akutajie siku. Mwambie asugue zabibu kwenye matete. Mwambie na majira ya baridi yakija apogoe, mimi nitakuwa nimelala chini ya kivuli nakuwa na maono.”

“Doña Zunilda...”

“Usinikatize, mwanangu, bado nina andazi mdomoni.” Akameza. “Miaka yote mimi ni mke wa fulani, mjane wa fulani. Sina ugomvi na marehemu. Alikuwa wangu, na alinichekesha. Lakini alikuja na vijiti mara moja tu katika maisha yake, na vilikuwa si vyenyewe. Zabibu zinatoka kila mwaka. Nani anazitoa?”

Nje upepo ulibadilika. Wote watatu waliusikia ukipita kwenye mabati, na wote watatu walijua ulikuwa unatoka upande wa bahari. Don Gonzalo akatazama dirishani, akatazama sahani, akachukua andazi, akalichovya kwenye pilipili kwa wingi kuliko mtu wa Santiago anavyopaswa.

“Jina gani hasa?” akauliza macho yakimtoka machozi. “Zunilda tu?”

“Zunilda Espinace. Na usinipandishe farasi.”

“Mweke juu ya nguruwe,” akasema Belarmino.

“Wewe chukua chumvi yako uende.”

Asubuhi ya siku ya mingaco moshi ulionekana mapema, na kilima kizima kikaja: akina Aravena, wajukuu wa Mtaliano, hata padri wa sasa, ambaye hajui habari za kibanda cha padri wa zamani na hakuna anayemwambia. Javiera alileta vikapu. Mama wa São Paulo alikuwa amerudi kwa ajili ya siku hiyo, amevaa kofia ya majani iliyomzidi. Na don Gonzalo akaja na chupa moja, ya mwaka uliopita, ikiwa na lebo mpya iliyotoka mtamboni. Karatasi nyeupe, bila picha. ZUNILDA ESPINACE.

Zunilda alipokabidhiwa aliishika kama unavyoshika kifaranga. Akasoma. Akaisogeza mbali na macho, akasoma tena. Akapitisha kidole kwenye herufi, akakutana na ile Z, akatabasamu peke yake. Kisha akaiweka kwenye dirisha la jiko, jina likitazama nje, akafunga kitambaa kichwani na kuingia kwenye safu kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja kweli.

Walichuma bila kupumzika. Zunilda alizungusha mikono yake kwenye matete pamoja na wengine, zambarau mpaka viwikoni, na punje zikaanguka, na vikonyo vikabaki juu, na alipokuwa anainua kichwa aliiona chupa kule dirishani. Waliimaliza safu ya mwisho matone ya kwanza yakiwa yanapiga majani. Wakakimbilia chini ya paa la ukumbi, kwenye meza ya nguruwe na maharagwe na mkate uliookwa majivuni.

Wakala. Mama wa São Paulo, mdomo unang'aa mafuta, akainua glasi yake. “Sasa nataka kisa cha mwanamke aliye kwenye chupa. Nikifika kwetu wataniuliza. Nani ananisimulia?”

Watu walimpenda Zunilda, hilo lisikutie wasiwasi. Walitazamana tu. Mmoja wa Aravena akakohoa.

“Zunilda,” akaanza Belarmino, akitafuta maneno, “ni mtu... Kila mwaka anapogoa.”

“Ndiyo?”

“Na anapogoa vizuri.”

Mama akangoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Belarmino akajikuna shingo, akamtazama comadre wake kwa macho ya kuomba radhi, akatazama glasi yake.

“Lakini mume wake, sasa,” akasema, “siku moja padri alimkuta Eleuterio amelala ndani ya sanduku la kuungamia. Akamuuliza, ‘Mwanangu, umekuja kuungama?’ Akamjibu, ‘Hapana, padri, nimekuja kukusikiliza wewe...’”

Ukumbi mzima ukalipuka. Mtu akapiga meza, mwingine akasema ngoja nikupe kisa cha farasi wa meya, na cha tatu kikaanza kabla cha pili hakijaisha. Zunilda alikuwa amesimama karibu na sufuria, mwiko mkononi. Alijizuia. Akatazama jina lake kule dirishani, akakaza midomo, akajizuia tena. Lakini kile cha meya alikuwa hajawahi kukisikia, na kilikuwa kizuri, na mwisho akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo. Kisha akajikasirikia kwa kucheka, akaenda kumwongezea kila mtu maharagwe.

Mama wa São Paulo akaondoka jioni na vikasha vyake alivyoletewa na kampuni, na kila chupa ndani yake ilikuwa na jina sahihi.

Nawe uliyekaa hapa mpaka mwisho: kesho ukimsimulia mwenzako habari za divai hii, utaanza na nani?